Meno Yaliyoachwa Nyumbani

Kufikia saa nne asubuhi Daktari Ongeri alikuwa amechungulia vinywa sitini na viwili, na hakuna hata kimoja chenye jino bovu. Ungedhani watu wa Roret hawajawahi kuonja sukari! Daktari alivua glavu, akamwambia Cheptoo kwa upole kwamba ikifika saa saba bila mgonjwa, watafunga vyombo waende Chepilat, kwa watu wanaoumwa.

Cheptoo alikuwa akisomea uuguzi, na likizo hiyo ya Agosti 1996 alijitolea kushika tochi na kutafsiri Kikipsigis. Ndiye aliyewabembeleza madaktari wa kliniki hiyo ya meno inayozunguka vijijini waanzie kwao. Meno ya kwao aliyajua. Alikua akiona watu wamefunga mashavu kwa leso, wakilia usiku kucha.

Na hawa waliokuja walikuwa na raha gani! Walivalia nguo za kanisani, wakafumbua vinywa kwa madaha, wakapongezana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Roret siku hiyo chema ndicho kilichojitembeza.

Akamvuta kando Gogo Rebeccah, bibi mzee jirani yao, akamwuliza mbona mzee wake hakuja, naye shavu limemvimba tangu Pasaka.

"Huyo tuliacha nyumbani," Gogo akasema. "Si chifu alisema meno itakaguliwa hapa kwa kituo, na karani ndiye anaandika? Unataka turudishwe mbele ya watu?"

Hapo ndipo Cheptoo alipoelewa, na kicheko kikampanda kama kwikwi. Kliniki yao ilikuwa kwenye banda la kununulia majani chai, chini ya mizani. Karani alikuwa Kimeli, baba yake mzazi, ambaye kwa miaka kumi na mitano alimwaga majani ya kila mkulima mezani, na akiona jani gumu alirudisha kikapu kizima majirani wakitazama. Basi kila boma lilichagua kinywa chake bora, likaficha vibovu nyumbani. Daktari Ongeri alipoelezwa alicheka hadi akakalia gunia.

Cheptoo alipanda juu ya meza ya kukagulia majani, akawatangazia kwamba leo wanaotakiwa ni wabovu. Hakuna aliyeamini. Wote walimtazama Kimeli, naye akatazama kitabu chake, midomo imefungwa kama kawaida. Watu walidhani hacheki kwa ukali. Cheptoo alijua zaidi: nyumbani alitafuna ugali kwa upande mmoja tu, macho yakimtoka machozi.

Ilikuwa saa sita unusu. Kumwambia baba yako afumbue kinywa mbele ya wakulima wake ni utovu wa adabu, lakini Cheptoo alishuka, akamwendea. Akainama.

"Baba, wewe ukikaa kwa kiti, wote watakuja."

Kimeli akafunga kitabu, akaweka kalamu mfukoni, akakaa, akafumbua. Lo! Mlikuwa na magego matatu meusi na vipande viwili visivyo na jina. Gogo Rebeccah hakuweza kujizuia. Wiki iliyotangulia kikapu chake kilikuwa kimerudishwa chote. Akaomba tochi, akakagua kushoto, akakagua kulia, bila haraka yoyote.

"Karani," akasema, "hii nayo ungerudisha."

Banda zima lilivunjika mbavu. Kimeli alijaribu kukasirika, lakini ni nani awezaye kukasirika kinywa wazi? Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi daktari akamwomba atulie achomwe sindano ya ganzi. Nao watu wakatimka kupitia mashamba ya chai kwenda kuwaleta waliofichwa nyumbani, viatu vya kanisani mikononi.

Saa saba ilipita na hakuna aliyetaja Chepilat. Foleni ilifika barabarani: mashavu yaliyovimba, wazee wanaoburutwa na wajukuu, Gogo Rebeccah akimsukuma mumewe kutoka nyuma. Cheptoo alishika tochi, na Kimeli akaandika majina, pamba shavuni.

Mlangoni mzee mmoja alisita, kiganja juu ya kinywa, akaanza kugeuka. Kimeli aliinuka, akatema pamba, akamwonyesha mapengo yake mapya.

"Ingia, mzee," akasema kwa mdomo uliokufa ganzi. "Leo narudisha wale wazuri."

Mzee akaondoa kiganja, akaingia.