Anayegonga Ukutani

Mdogo wangu Lachie alianza kumsikia mtu wa ukutani akiwa bado mtoto wa shule, kabla hajaujua unga wa kulevya. Mtu huyo alikuwa akigonga mara tatu, polepole, akitulia kila baada ya pigo moja. Mama alisema ni mabomba. Mabomba gani yanayomwita mtoto kwa jina?

Unga ndio uliomnyamazisha huyo mgongaji. Hapa Glasgow watu husema Lachie alifuata starehe. Starehe, wapi! Alifuata usingizi.

Miaka ikaenda, akaingia kwenye methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga, na kila dozi ilipopunguzwa, yule mtu akarudi kugonga. Kliniki ya akili wakamwambia aache dawa kwanza. Kliniki ya waraibu wakamwambia akatibiwe akili kwanza. Jamani, na wote wako jengo moja! Niliwatukana mpaka mlinzi akanitoa nje.

Jana Lachie akaninong'oneza, "Dada, sasa anataka tubadilishane nafasi. Nimechoka. Usiniache nikakubali."

"Thubutu! Kesho nakupeleka mwenyewe kwa Morag, tumwombe akuombee dozi ipandishwe."

Asubuhi tukaenda. Morag ndiye wa duka la dawa. Anakupa kikombe cha dawa ya kijani, unakunywa mbele yake, kisha lazima useme neno, ajue hukuibana mdomoni ukaiuze nje. Siku zote Lachie humtania, "Chungu kama mapenzi yako, Morag."

Leo alimeza, akanyamaza.

"Haya, sema kitu, mpenzi," Morag akasema.

"Lachie hayupo."

Sauti ilikuwa kavu, nami sikuijua.

Morag akacheka. "Kasema, basi kameza. Anayefuata!"

"Morag, hukumsikia alichosema?"

"Nimemsikia, Senga. Mdomo mtupu. Mpishe mwenzako."

Nikamshika Lachie mkono, tukarudi kwake kwenye mvua. Nilitetemeka njia nzima, yeye hata kofia hakuvaa. Mlangoni hakutoa ufunguo. Aligonga mara tatu, polepole, akitulia kila mara.

"We Lachie! Unaishi peke yako, unamgongea nani?"

"Ngoja," akasema. "Atafungua."

Nikapiga kelele, "Lachie! Mdogo wangu!"

Aliyesimama kando yangu hakugeuka. Ukuta ndio ulioitika, kwa kugonga harakaharaka, kama mtoto aliyefungiwa chooni.