Msomaji wa Pili

Mume wangu wenzake wanamwita Mstaarabu. Kila nikilisikia jina hilo hucheka kwa pua, maana mimi ndiye ninayeishi naye na mdomo wake naujua.

Yeye na wenzake wanatengeneza programu ya bure ya kupanga foleni za wagonjwa hospitalini. Ni programu huria: yeyote anaweza kuifungua, kuona ilivyoandikwa ndani na kutuma marekebisho. Hawalipwi, hawana ofisi, wengi hawajawahi kuonana, lakini kwa kutukanana walikuwa wamebobea, hadi ikabidi wajiwekee Kanuni za Heshima. Kubwa kuliko zote ni hii: anayehakiki kazi ya mwenzake hatumi maoni yake moja kwa moja. Kwanza yanasomwa na msomaji wa pili, mtu aliyemchagua mwenyewe, naye akiridhika anabonyeza kitufe yanatoka. Asiporidhika anayarudisha. Kuyabadilisha haruhusiwi.

Mume wangu alinichagua mimi, mwalimu wa chekechea nisiyejua lolote kuhusu programu. "Wewe soma tu, mke wangu," aliniambia. "Ukiona pamezidi ukali, palainishe." Kanuni yao aliivunja kabla wino wake haujakauka. Basi yeye anakaa upande ule wa meza ya chakula na fulana yake, anaandika, "Takataka gani hii, umeandika kwa miguu?" Mimi upande huu, katikati ya michoro ya watoto, nageuza: "Asante kwa kazi hii. Naomba tuitazame tena pamoja." Akawa anatembea kwa watu na maneno yangu kama shati nililompigia pasi. Darasani nina watoto wasioweza kufunga kamba za viatu, lakini samahani wanaisema wenyewe. Huyu na ndevu zake zote hajawahi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba aliamini. Sifa zilipoanza kumiminika, kichwa kikavimba. Wifi yangu akija kututembelea husema, "Kaka yangu ni mpole tangu utoto," na mwenye kilemba hicho cha ukoka anaitikia kwa kichwa. Mimi namwongeza wifi chai.

Katika wote waliokuwa wakimjibu, nilimpenda muuguzi mmoja wanayemwita Mama Pacha, anayefanya kazi ya programu watoto wake wakilala. Akiuliza, anauliza hadi aelewe. "Nashukuru kwa subira yako," alikuwa akiandika. Ilikuwa subira yangu, na hakujua.

Kisha ukaitishwa mkutano wa kumchagua Msimamizi wa Heshima, mwenye uwezo wa kumfukuza mwanachama bila kuulizwa na mtu. Mgombea alikuwa mmoja, Mstaarabu. Asubuhi ya mkutano, akifunga vifungo mbele ya kioo, akasema, "Wa kwanza kumtoa ni yule mama wa mapacha."

"Kakukosea nini?"

"Maswali yake yananichosha, basi."

Niliona hasira. Cheo kile nilimpikia mimi, sentensi baada ya sentensi, na sasa alikuwa anaenda kukitumia kwa Mama Pacha.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, wenye viti vya plastiki na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Kwa ajili ya wanachama walio mbali, majibu ya mgombea yaliandikwa na kuonyeshwa ukutani, na kanuni ilifuatwa hata hapo: mume wangu jukwaani na kompyuta yake, mimi pembeni na yangu. Majibu ya mwanzo niliyalainisha kwa mazoea. Watu wakapiga makofi.

Mama Pacha akasimama, mtoto mmoja begani. "Marekebisho yangu ya foleni ya wajawazito umeyakataa bila kunieleza. Naomba sababu."

Mume wangu alimtabasamia kwa unyenyekevu mkubwa huku vidole vikikimbia. Kwenye kioo cha kompyuta yangu yakaingia maneno: "Kanyonyeshe kwanza, mama. Hapa ni mahali pa watu wenye akili."

Nilimtazama yule mama aliyesimama akisubiri. Nilijua maneno yale yatamuumiza yeye kwanza, na iliniuma. Lakini nikiyalainisha, atampigia kura mtu atakayemfukuza kesho. Sikugusa hata nukta. Nikabonyeza.

Maneno yakatokea ukutani kama alivyoyaandika. Mume wangu aliendelea kutabasamu, akingoja makofi, kisha akageuka kutazama ukuta. Akanitolea macho.

"Mbona hujarekebisha?"

"Kanuni inanikataza."

"Si siku zote unarekebisha wewe?"

Aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, Mstaarabu wetu, mbele ya watu wote.

Mama Pacha alimhamisha mtoto bega la pili. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Kwa hiyo niliyekuwa nikiongea naye ni wewe, dada."

"Ni mimi. Nisamehe kwa hilo la leo."

"Nimesikia," alisema. "Lakini kuhusu wajawazito bado sijajibiwa."

Kura haikupigwa. Jioni mume wangu aliiweka kompyuta juu ya michoro ya watoto, mbele yangu. "Wanataka niombe radhi," alisema kwa sauti ya chini. "Niandikie, mke wangu. Wewe ndiye unayejua."

Ukurasa ulikuwa mtupu. Nikaisukuma kompyuta hadi upande wake wa meza.

"Andika," nikamwambia. "Mimi nitasoma."