Maneno ya Jikoni

Tangu Mama Keo atolewe mtoni nusura azame, hakutia wali kinywani. Kijiji kizima kilijua sababu: kati ya roho zake thelathini na mbili, moja ilibaki majini. Isipoitwa ikarudi, mwenyewe ataifuata. Bintiye Buavan alilijua hilo, na usingizi ulimpaa.

Mzee Somchan akaja kuiita roho hiyo. Alikaa mbele ya mnara wa majani ya mgomba na maua, akaghani maneno ya kale, matamu. Watu wakamfunga mama nyuzi nyeupe mkononi, mmoja baada ya mwingine. Yeye macho dirishani, upande wa mto. Yai aliloshikishwa likamponyoka mkekani.

"Anamngoja mwanawe," mzee alisema.

"Thongdam yuko ng'ambo, babu, hajapewa ruhusa kazini," Buavan alijibu. "Aliyekuja ni mkewe."

Wakamgeukia Marit, mzungu wa watu, amekunja miguu yake mirefu karibu na mlango. Wiki mbili alishinda jikoni na Buavan akijifunza lugha, na wifi yake alimfundisha majina ya vyungu na vilivyomo, basi. "Akijua mengi atatujibu," aliwachekesha majirani.

Sasa Marit alikuwa anasogea kwa magoti, ameinamisha kichwa chini ya kile cha mama mkwe.

"Wifi, usijaribu. Utatuaibisha."

"Mwache," mzee alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Marit aliokota yai, akalirudisha kiganjani mwa mama, akachukua uzi. Walio nyuma wakashikana mabega kama ilivyo desturi, na mkono wa Buavan ukaangukia bega la wifi yake.

"Roho," Marit alisema polepole. "Njoo. Wali umeiva. Chumvi ipo. Samaki yupo. Njoo ule."

Hakuna aliyecheka. Maneno yale aliyatoa Buavan, kwa kejeli, kati ya moshi na maganda ya vitunguu, wala hakujua kuwa ni makubwa kiasi kile. Mzee Somchan alikuwa ameunganisha viganja kifuani.

Mama Keo aliliacha dirisha, akageuza shingo taratibu.

"Samaki gani?"

Marit akamtazama Buavan, hilo hakufundishwa.

"Kambare, mama," Buavan alijibu, machozi yakimtiririka. "Kampika yeye."

Mama akafumba vidole juu ya yai.