Mwalimu Aliyeingia kwa Lango la Nyuma

Kigingi alimwacha mwalimu wa mazoezi abishe hodi mpaka akachoka, huku akimchungulia kwenye upenyo wa pazia. Viatu vipya, begi jipya. Mtu wa namna hiyo, kwa hesabu za Kigingi, lazima ana aliyemvisha.

Binti yake aliacha cherehani akaenda kufungua. Ndiye aliyehangaika kumtafuta. Aliulizia hospitali, akapewa majina mawili. Wa kwanza hakupokea simu, huyu akakubali palepale kuja nyumbani. Hapo ndipo Kigingi aliposhikwa na wasiwasi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wala hakuwa mwendawazimu. Mgongo wake ulivunjikia ghalani, chini ya magunia, mashine ya kunyanyulia ikiwa mbovu, na kampuni ilikuwa inaapa mbele ya baraza la fidia kwamba mashine ilikuwa nzima. Mwenzake aliyedai kama yeye alipigwa picha akicheza kwenye harusi ya mwanawe, kesi ikafia hapo. Mpiga picha alikuwa fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa, kumbe katumwa na kampuni! Matajiri hawasahau, na Kigingi naye alikuwa hasahau. Lakini bila mazoezi, daktari alisema, ataendelea kuvishwa suruali na bintiye. Na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Mwalimu aliingia, akasalimia kwa adabu, akaegemeza simu ukutani. Alieleza kwamba angemrekodi mzee ili amwonyeshe anavyoinama vibaya. Kigingi aliichukua simu, akaitia ndani ya sufuria, akafunika na mfuniko.

"Baba!" binti akanong'ona.

"Iache ichemke," akasema Kigingi.

Akamhoji kama polisi. Wateja wako ni akina nani? Mwalimu akataja mwanajeshi mstaafu, mwalimu wa shule, halafu akasita, akasema na mke wa meneja mmoja. Wa wapi? Mwalimu akajifanya anafungua zipu ya begi. Kigingi alitamani kumfukuza, ila bintiye alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliyechoka kuvisha watu suruali. Basi akamwambia aonyeshe kazi yake, kazi yenyewe itasema.

Mwalimu alitoa mfuko wa mchanga, akachuchumaa. Kabla ya kuuinua, mkono wake wa kulia ulikamata ncha ya mfuko, ukaizungusha kwenye kiganja mara moja, haraka, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu bila kuangalia.

Kigingi akaganda. Wapakuzi wa zamani hawakufanya hivyo hata siku moja. Gunia likiteleza, linakwenda na mkono wako. Mtindo ule msimamizi aliwafundisha wale walioingizwa ghalani kwa lango la nyuma mwaka ule Kigingi alipoumia, wakati wapakuzi wenyewe wamegoma langoni wakidai mashine itengenezwe. Msimamizi alijali gunia lisipasuke. Mkono wa mtu ungejijua.

"Wewe ulikula kazi yetu," akasema taratibu.

Mwalimu aliweka mfuko chini. Hakukana. Alisema alikuwa na njaa, na kwamba kifundo cha mkono wake kilitenguka mwaka uleule, akatupwa nje kama ganda la ndizi. Mazoezi alijifunza akijitibu mwenyewe.

"Njaa," Kigingi akacheka bila furaha. "Sisi tulikuwa tumeshiba, sivyo? Mashine uliiona ikifanya kazi?"

"Ilikuwa imekufa, mzee wangu. Kuku walikuwa wanalala juu yake."

"Basi utakwenda kulisema hilo mbele ya baraza. Hukubali, chukua mchanga wako."

Mwalimu akasema yule meneja ni wa kampuni hiyohiyo, na mkewe ndiye anayemletea wateja wengine wote. Kigingi alijibu kwamba alishalijua hilo tangu kwenye zipu. Akanyoosha kidole mlangoni. Mwalimu alitazama kule, akatazama kiganja chake.

"Nitasema," akasema mwishowe. "Lakini ukisimama umejipinda hivyo, utaanguka kabla sijaitwa. Piga magoti, shika kiti."

Kigingi alimwagiza binti yake akae juu ya mfuniko wa sufuria. Kisha akashika kiti, akaanza kushuka polepole, jasho likimtoka, macho hayabanduki usoni pa yule mtu.