Mtutu Mfupi wa Janelle

Curt Haugen alikuwa fundi wa bunduki za mashindano hapa kwetu Dakota Kusini, na mpiga shabaha wake alikuwa mkewe, Janelle. Mwanamke yule hakuwa na mpinzani. Kisha misuli ya mikono yake ikaanza kunyauka. Daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake, akasema dawa hakuna.

Walipofika nyumbani Curt aliingia bandani, akafungua mtutu wa inchi ishirini kwenye bunduki ya Janelle, akafunga wa kumi na nane ili bunduki iwe nyepesi.

Msimu mmoja ukapita. Theluji ilipoyeyuka, hata bunduki hiyo nyepesi ikawa inamshinda Janelle kuinyanyua. Mimi ni mwamuzi wa klabu yetu, na siku moja nilikuwa kwao nakunywa kahawa.

"Naweka wa kumi na sita," Curt akasema.

"Mtutu mfupi una teke, bwana," nikamwambia. "Gesi ya baruti inarudi mapema, tena kwa hasira."

"Nitaweka mrija mrefu wa gesi. Ikisafiri mbali, inapoa."

"Kwenye mtutu mfupi? Risasi itatoka kabla gesi haijaingiza risasi inayofuata. Bunduki itakwama."

"Nitapanua tundu la gesi, iingie nyingi zaidi."

Janelle akacheka. "Msikie huyu! Mwakani atanipa filimbi nipulize."

Curt hakucheka. Alihangaika na tundu lile wiki nzima, akitoboa kidogo, akijaribu, akirudi kutoboa.

Siku ya mashindano upepo ulikuwa mkali. Nilishika saa nyuma ya Janelle. Shabaha ya kwanza ya chuma ililia, ya pili ikalia. Bunduki ilikuwa laini ajabu, haikutikisika. Alipogeukia ya tatu, mkono wa kushoto ukalegea kama kitambaa. Bunduki ikaanguka changaraweni.

"Simama!" nikapiga kelele. Sheria ni sheria: ukiangusha silaha yenye risasi, umetoka. Mwenyewe haruhusiwi hata kuiokota. Niliiokota mimi, nikaitoa risasi. Janelle alikuwa anautazama mkono wake.

"Samahani, Jan," nikasema.

"Fanya kazi yako, rafiki yangu."

Curt alikuja mbio, akanishika bega.

"Ilikwama, sivyo? Niambie ilikwama."

Nilitamani sana kumdanganya.

"Haikukwama, Curt. Ilifanya kazi vizuri."

Akaipokea ile bunduki, akabaki ameikumbatia, hajui aiweke wapi. Janelle alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea garini, na mlango wa gari asingeweza kuufungua peke yake.