Boti Nyekundu ya Skelwick

Basi la matembezi kutoka Barnsley lilifika bandari ya Skelwick saa nane kasoro dakika kumi. Haikupita muda, Janice Ogley na bintiye Keeley, wa miaka kumi na mitatu, walikuwa wameketi ukingoni mwa gati na kamba, ndoo na bekoni. Huko kaa huvuliwa hivyo: unafunga bekoni kwenye kamba, unaizamisha, unajaza ndoo, halafu kila ulichovua unakirudisha majini kabla ya kwenda nyumbani. Sheria imeandikwa ukutani, na mwanamke mwenye kizibao cha njano huisimamia.

Keeley hakutaka kaa. Alitaka boti nyekundu inayozungusha wageni ghubani. Rafiki zake wawili walikuwa tayari kwenye foleni.

"Nusu saa tu, mama."

"Tulia hapo."

"Wewe hata beseni la kufulia unaliogopa!"

Kamba ikawa nzito. Janice akaivuta kwa mikono miwili, na mumewe Clive, aliyezama miaka sita iliyopita, akapanda nayo mpaka gatini. Alikuwa na sweta lake la buluu, kaa wawili wamemng'ang'ania mgongoni. Akaketi, akaimalizia bekoni.

"Sogea huko, unanilowesha," Janice akamwambia.

Mwanamke wa kizibao akawabandua wale kaa, akawatia ndooni. "Wawili," akasema, akaenda zake.

Clive akaikodolea macho boti nyekundu. "Ile ndiyo tuliyozama nayo. Wameiopoa, wakaipaka rangi." Akaeleza kwamba siku ile pampu ya kutolea maji ilikuwa mbovu, na yeye na wenzake walimwambia mwenye boti, Bwana Thackray, mara tatu. "Kila siku inanipita juu ya kichwa. Sauti ya pampu ni ileile. Haijatengenezwa. Mtoto asipande."

Bwana Thackray alikuwa hatua tano tu kutoka hapo, anakata tiketi. "Clive! Bado unalalamika tu?"

"Bado, bwana."

"Mwanamume mzima, anaogopa kulowa." Foleni ikacheka.

Janice akampeleka mumewe ofisi ya bandari. Karani aliwasikiliza vizuri, akawapa viti. Alisema malalamiko ya waliozama yanapokelewa, ila yawe kwenye karatasi kavu. Akampa Clive fomu, ikamlowea mkononi ikawa uji. Akampa ya pili, nayo ikawa uji. "Basi," karani akasema, "sote tumejitahidi."

Janice akarudi kwenye foleni. "Jamani, pampu ni mbovu! Mume wangu yule pale, muulizeni!"

"Tumemsikia, mama," akasema mzee mmoja, mdomo umejaa chipsi. "Lakini tiketi tumeshakata."

"Na jua lenyewe la leo tu," mwenzake akaongeza.

Keeley akachomoka. Janice akamdaka kifundo cha mkono, akakibana mpaka vidole vikaacha alama.

"Unanitia aibu! Baba, mwambie aniachie!"

"Mimi nimeshasema, mwanangu," Clive akajibu.

Nafasi ya Keeley akapewa mtoto wa watu wengine, wa miaka kama mitano hivi, na mama yake akampungia mkono. Boti ikaondoka saa tisa na nusu.

Mwanamke wa kizibao akapita. "Muda umefika, wapenzi. Vyote majini." Janice akapindua ndoo. Clive hakubishana. Aliteremka ngazi ya gati taratibu, akamwangalia binti yake, na binti yake akageuza uso.

Saa kumi boti ikarudi. Watu wote walikuwa wazima. Walikuwa wameshika viatu mikononi, maji ndani ya boti yamewafika magotini, wanacheka hadi machozi. Yule mtoto mdogo alikuwa amebebwa begani.

"Keeley, umekosa uhondo!" rafiki zake wakapiga kelele. "Tumeyatoa maji kwa makopo!"

Keeley akamgeukia mama yake. "Umeona? Nani amekufa?"

Janice aliendelea kumshika mkono mpaka ndani ya basi.

Bwana Thackray akafuta ubao kwa mkono wa shati, akaandika kwa chaki safari za kesho: saa nne, saa sita, saa nane. Akasogea nyuma, akautazama, akarudi kuongeza ya saa kumi.