Jumamosi, Kitomanga

Nasma Mfaume alipanga kuliacha kundi kwa muda wa saa kumi na mbili kamili, na aliipanga safari hiyo kwa umakini ule ule alioutumia miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali moja ya Dar es Salaam. Ratiba ya ziara aliikunja katikati. Upande mmoja ulikuwa wa kundi: Alhamisi kufika Kilwa Masoko, Ijumaa kuvuka Kilwa Kisiwani, Jumamosi Songo Mnara, Jumapili kurudi. Nyuma yake, kwa kalamu ya wino mweusi, aliandika ya kwake. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, bodaboda hadi Nangurukuru. Saa moja na nusu, basi lolote liendalo Lindi. Saa nne kasorobo, kushuka Kitomanga. Saa saba mchana, kusimama barabarani kungoja basi la kurudi.

Kati ya saa nne kasorobo na saa saba hakuandika kitu. Huo ndio muda aliomtengea dada yake.

Dada yake, Mwanaasha, alikuwa mgonjwa wa figo, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na minne. Mama yao alipougua homa kali, Mwanaasha alimweka nyumbani siku nne akimpa dawa za mganga. Siku ya tano akampeleka hospitali, na siku hiyo hiyo mama akafariki. Nasma alifika kutoka Dar siku ya hitima. Aliomba cheti cha hospitali, akakisoma chote, kisha akasema mbele ya wanawake waliojaa ukumbini kwamba mama angepelekwa siku ya kwanza, angepona. Lilikuwa jambo la kweli. Mwanaasha hakubisha. Aliinuka, akaenda kukaa jikoni, na hakutoka huko mpaka mdogo wake alipoondoka.

Mwezi wa sita, mtoto wa Mwanaasha aitwaye Idd alimwandikia ujumbe: "Mama mdogo, mama anakuulizia." Wiki iliyofuata Nasma akajiandikisha kwenye ziara ya wastaafu wa idara ya afya. Kwenda Kitomanga moja kwa moja kungekuwa kukiri jambo. Kupita ukitokea Kilwa, ukiwa umekuja kutazama magofu na wenzako, ni kitu cha kawaida. Sentensi ya kumwambia dada yake alikuwa nayo tayari: "Dada, sikuwa na haki ya kusema vile mbele za watu." Aliipima akaona iko sawa. Haikufuta ukweli, ilifuta mahali uliposemewa tu.

Alhamisi jioni, walipofika Masoko, alimpigia Idd.

"Hali yake ikoje?"

"Anaendelea, mama mdogo. Leo amekunywa uji."

"Kiasi gani?"

"Kikombe. Nusu kikombe."

"Presha wamepima?"

"Nesi alikuja juzi. Alisema ipo chini kidogo."

"Anaongea?"

"Anaongea. Amekuuliza wewe. Mbona usije kesho?"

Nasma alitazama karatasi yake. Mgonjwa anayekunywa uji na kuongea si wa leo na kesho. Tena Ijumaa mabasi husimama njiani kwa ajili ya swala, hesabu yote ya saa ingevurugika. "Jumamosi saa nne nipo hapo," alisema. "Mwambie."

Kiongozi wa ziara alikuwa Suleiman, kijana wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Masoko, mwenye mdomo usiotulia. Nasma alipomweleza kwamba Jumamosi hataingia kwenye boti, alishika kichwa.

"Bi Nasma, orodha nimeshaipeleka. Watu kumi na tisa. Nikirudi na kumi na wanane wataniuliza wa kumi na tisa nimemzamisha wapi."

"Waambie nimepata udhuru."

"Udhuru gani wenye dakika?" Alikuwa ameiona ile karatasi. "Hapa umeandika saa moja na nusu. Basi la hapa na saa moja na nusu walijuana lini? Wewe ungewekwa relini, treni zingeogopa."

Rosemary, nesi mstaafu aliyelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akajifuta macho. "Mwache aende. Akibaki atatuhesabia mawe."

"Aende na mtu basi."

"Naenda peke yangu," Nasma alisema. "Ni kwetu."

Suleiman alinuna kidogo, akasema atafikiria.

Ijumaa walivuka. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani simu za watu zililia mara tatu Suleiman akieleza, na Nasma, aliyechukia vurugu hizo, aliizima yake ili awe mfano. Suleiman alisema msikiti ule wote ni wa karne ya kumi na moja. Nasma alimsahihisha: upande wa kaskazini ndio wa zamani hivyo, kumbi zenye kuba za kusini ziliongezwa karne ya kumi na nne. Suleiman akawageukia wengine. "Mmesikia. Kuanzia sasa mwulizeni yeye, mimi nakwenda kutafuta madafu." Watu wakacheka. Nasma naye, jambo lisilo la kawaida, akacheka. Ilikuwa kama saa saba mchana.

Aliiwasha simu saa kumi na moja jioni, baada ya kurudi Masoko. Ujumbe ulimwonyesha kwamba Idd alimpigia mara sita, ya kwanza saa saba na robo, ya mwisho saa kumi kasorobo. Akampigia papo hapo.

"Mbona umenitafuta hivyo?"

"Nilitaka kujua kama mmevuka salama. Bahari yenyewe hii."

"Tumevuka. Mama yako?"

"Mama mdogo, hapo uko na nani?"

"Niko chumbani, peke yangu. Rosemary anaoga."

"Basi njoo tu hiyo kesho. Tutazungumza ukifika." Kisha akaongeza, "Hebu nipe namba ya huyo kiongozi wenu. Wewe simu unazima, na njia ndefu."

Nasma alimpa. Aliona kijana amekua, ana busara ya kufikiria usalama. Nasma mwenyewe alizaliwa kule na kulelewa kule. Alijua kwamba mtu aliye safarini haambiwi msiba kwenye simu, na kwamba kabla ya kuambiwa lolote huulizwa kwanza yuko na nani. Mwaka ule baba yao alipofariki, ni yeye Nasma aliyetumwa kumpokea shangazi yao stendi ya Lindi, akatembea naye mpaka nyumba ya msiba, mtaa wa Mtanda, akimzungumzia bei ya samaki, asitaje kifo mpaka walipofika ndani. Na kazini hakuwahi kutoa jibu la kipimo kabla ya kulirudia mara mbili. Jioni ile hakurudia. Jibu la Idd lilikubaliana na ratiba yake, akalipokea.

Wakati wa chakula Suleiman alikuja mezani kwao na shikamoo, ingawa walishaamkiana. Hakuketi.

"Bi Nasma, kesho hakuna bodaboda. Nimeazima gari ya shemeji yangu. Nitakupeleka mwenyewe."

"Na Songo Mnara?"

"Mwenzangu atawapeleka."

"Jana ulikuwa hutaki hata nitoke. Leo unanifanya balozi?"

Siku nyingine Suleiman angejibu kwa mzaha. "Ni njia ndefu, mama," alisema, akaondoka. Nasma aliona hakumwita Bi Nasma, akadhani bado ana kinyongo cha msikiti.

Saa kumi na mbili asubuhi gari lilikuwa mlangoni, na Rosemary alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma na mfuko mapajani.

"Wewe unakwenda wapi? Tangu Dar unaimba Songo Mnara."

"Magofu yamekaa miaka mia sita, hayataondoka leo. Nataka kuona kwenu."

"Kwetu kuna mihogo na ufuta."

"Nitaona mihogo na ufuta. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Nimekuuliza umekula." Rosemary alimpa andazi, akamwangalia mpaka alipolimaliza.

Walipita Nangurukuru bila kusimama, wakashika barabara ya kusini. Redio ilikuwa imezimwa. Nasma alikaa na karatasi mkononi, na kwa kuwa gari lilikuwa mbele ya ratiba kwa dakika arobaini, hakuwa na la kuhesabu, akaanza kuhesabu mengine. Mtu mwenye maneno mengi hajasema neno tangu Masoko. Orodha ya watu kumi na tisa haikuwa tatizo tena. Mwanamke aliyelipia ziara ili aone Songo Mnara ameiacha. Mfuko wa Rosemary ulikuwa wazi kidogo, na ndani yake mlikuwa na doti mbili za kanga mpya na chupa mbili kubwa za maji. Idd alipiga mara sita, kisha hakupiga tena. Mtu akitaka kujua kama mmevuka, hupiga mpaka ajue.

Walikuwa kwenye daraja la mto Mbwemkuru alipoweka karatasi chini.

"Suleiman."

"Naam, mama."

"Ni jana?"

Suleiman hakugeuka. "Mimi si mtu wa kusema, mama. Tutafika."

"Nakuuliza jana au usiku?"

Rosemary alimshika begani kutoka nyuma. Mkono ulibaki pale pale, na Nasma akaona kwamba hilo ndilo jibu, na kwamba hakuna njia ya kulisoma vinginevyo. Upande wa Lindi, mashamba ya ufuta yalikuwa yameshavunwa. Alijaribu kukumbuka ile sentensi aliyokuja nayo na ikaja yote, neno kwa neno.

Kitomanga walifika saa tatu kamili. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba na wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Idd alikuja mbio, mwanaume mzima mwenye ndevu, akamshika mikono miwili, na ndipo akasema lile alilopaswa kulisema yeye na si mwingine.

"Mama mdogo, mama ametutoka."

"Saa ngapi?"

Idd alishangaa kidogo. "Jana. Saa saba, adhana imeshaadhiniwa."

"Mkazika?"

"Baada ya alasiri. Tulikungoja mpaka shehe akasema haifai tena. Simu yako ilikuwa haipatikani."

"Niliizima."

"Nilidhani ni mtandao wa kisiwani."

"Mtandao ulikuwepo. Niliizima." Aliona Idd anataka kuachia mikono yake, akaishikilia. "Alisema nini?"

Idd alitazama chini. "Asubuhi aliuliza umefika wapi. Nikamwambia upo Kilwa na wenzako, unakuja kesho. Akauliza Kilwa hii hii? Nikasema ndiyo, hii hii. Akasema sawa. Akaomba ageuziwe upande wa mlango."

"Baada ya hapo?"

"Hakusema tena."

Rosemary alimfunga kanga moja kiunoni, nyingine akamtandia kichwani, akajifunga na za kwake, wakaingia. Ukumbi ulikuwa ule ule. Wanawake walikuwa mikekani, migongo ukutani, na katikati aliketi Bi Maimuna, mke mkubwa wa marehemu mjomba wao, aliyekuwa na zaidi ya miaka themanini. Nasma alipiga magoti akamwamkia. Ilimpasa kulia tangu mlangoni, kwa sauti, ndivyo ndugu anavyoingia. Sauti haikuja.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Sogea huku." Bi Maimuna alizungumza kwa nguvu, ili wote wasikie. "Huyu ndiye mdogo wake marehemu, anatoka Dar. Taarifa zimemfikia jana usiku, akalala njiani. Gari nazo mnazijua."

Wanawake wakaitikia kwa huruma. Mmoja akasema barabara ya huko Rufiji ni mbaya. Mwingine akasema Mungu hakupanga waonane. Walikuwa wanamtandikia mahali pa kukaa, na Nasma alilijua hilo. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Nilikuwa Kilwa tangu Alhamisi," alisema. "Niliambiwa nije Ijumaa. Nikachagua Jumamosi."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Bi Maimuna alimtazama kwa muda mrefu bila ukali.

"Tunajua," alisema kwa sauti ndogo. "Nani alikuuliza?"

Akamwonyesha nafasi mkekani, karibu na mlango wa jikoni. Nasma akaketi, Rosemary pembeni yake. Rosemary, ambaye hakuwahi kumwona Mwanaasha hata kwenye picha, alianza kulia, kwanza taratibu, kisha kwa kwikwi zilizomtikisa mabega. Nasma alikaa wima na mikono mapajani. Macho yake yalikuwa makavu, na yalimwasha.

Baada ya muda mlango ulitiwa kivuli. Aliingia mwanamke wa makamo kutoka mashambani na bakuli la unga kichwani, akalitua, akatazama ukumbi mzima akitafuta wa kupewa pole. Akamwendea Rosemary, akachutama mbele yake, akamshika uso kwa viganja viwili vyenye unga.

"Pole, mdogo wangu," alimwambia. "Dada yako alikutaja sana. Kila tulipokwenda kulima alikutaja."

Rosemary alishtuka, akageuza macho yake yaliyojaa machozi kumtafuta Nasma.

Nasma alitazama mkeka. Mwanamke yule aliendelea kusema, taratibu, jinsi Mwanaasha alivyozoea kusimulia kuhusu mdogo wake wa maabara, asiyekosea, na Nasma alisikiliza kila neno, akimwacha Rosemary azipokee pole zile.